Edgar Codd: Mtu aliyekataa nafasi tupu igeuzwe sifuri

NDUGU msomaji, kama ulirudi nyumbani kutoka Katumba, Mishamo, Ulyankulu au kutoka kambi za mkoa wa Kigoma, bila shaka unaikumbuka siku ulipokaa mbele ya karani mwenye fomu. Alikuuliza jina, ukajibu. Akakuuliza jina la baba, ukajibu. Alipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, wengi wetu tulinyamaza.

Mzee wangu naye alinyamaza. Mwaka aliujua, tena kwa kukadiria, na alijua kuwa mama yake alijifungua wakati wa mvua. Siku na mwezi hakuna aliyemwandikia. Karani hakuwa na mahali pa kuandika mvua, kwa hiyo aliandika Januari 1. Miaka kadhaa baadaye, kwenye ofisi nyingine, karani mwingine alikutana na ukimya uleule, yeye akaandika Julai 1. Mzee alipoanza kufuatilia faili ya shamba alilorithi kwa babu, aliambiwa kuwa mwenye karatasi hii si mwenye karatasi ile. Mtu mmoja alikuwa amegeuka wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na haki ya shamba.

Wakati ule niliwalaumu makarani. Baadaye mimi mwenyewe nilijifunza kazi ya kuingiza taarifa kwenye kompyuta hapa Bujumbura, nikafanya kosa kubwa kuliko lao. Ni kosa hilo lililonifanya nimtafute Edgar Codd, bwana ambaye hakuna aliyemtaja mtaani kwetu Buyenzi, lakini kazi yake imo ndani ya orodha nyingi unazoandikwa: ya benki, ya forodha, ya simu, ya wapiga kura. Alifariki dunia Aprili 18, 2003, huko Florida, Marekani, akiwa na umri wa miaka 79. Leo naomba nikusimulie maisha yake.

Mtoto wa Portland

Edgar Frank Codd, ambaye rafiki zake walimwita Ted, alizaliwa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi na mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Oxford kwa ufadhili, akaanza na kemia.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta chuoni. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, angeweza kuomba asiitwe jeshini. Hata hivyo, mwaka 1942 alijitolea mwenyewe, akawa rubani katika jeshi la anga la Uingereza, akirusha ndege kubwa za doria za baharini aina ya Sunderland. Vita ilipokwisha alirudi Oxford, akaiacha kemia na kuchukua hisabati, akahitimu mwaka 1948.

Mwaka huohuo alivuka bahari kwenda New York kutafuta maisha. Wafanyabiashara wenzangu wa Gatumba na Kobero watafurahi kusikia kwamba kazi yake ya kwanza huko ilikuwa ya dukani: aliuza nguo za michezo za wanaume katika duka kubwa la Macy's. Baadaye alifundisha hisabati kwa muda mfupi katika jimbo la Tennessee, kisha mwaka 1949 akaajiriwa na kampuni ya kompyuta ya IBM. Enzi hizo kompyuta moja ilijaza chumba kizima, na watu waliojua kuiandikia maagizo walikuwa wachache mno duniani.

Yeye naye aliwahi kuhama kwa sababu ya siasa. Mwaka 1953, Seneta Joseph McCarthy alipokuwa akiwaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, Codd alichukizwa, akaondoka Marekani na kuhamia Ottawa, Kanada. Alirudi IBM mwaka 1957. Hakukimbia kama tulivyokimbia sisi, akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, lakini alijua maana ya kuondoka mahali na kuparudia.

Alipokwishapita umri wa miaka thelathini na mitano, wakati wenzake walikuwa wameshatulia kazini, yeye alirudi darasani. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan na kupata shahada ya udaktari mwaka 1965. Kisha alihamia maabara ya IBM iliyoko San Jose, California. Hapo ndipo alipofanya kazi iliyolibakiza jina lake.

Makala ya mwaka 1970

Zamani hizo taarifa ndani ya kompyuta zilipangwa kama matawi ya mti. Ili umpate mteja mmoja, ilikubidi ujue njia yote ya kumfikia: anzia hapa, shuka pale, pinda kule. Mpangilio ukibadilishwa kidogo tu, programu zote zilizojua njia ya zamani zilipotea. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani kwa kumhesabia kila kona ya Buyenzi, halafu barabara moja ifungwe.

Juni 1970, Codd alichapisha makala fupi katika jarida la kitaaluma la Marekani. Alipendekeza taarifa zote ziwekwe kwenye majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, kama daftari la muuza duka. Mstari mmoja ni mtu mmoja au mzigo mmoja. Safu moja ni jambo moja: jina, komine, uzito, bei. Mtumiaji aseme anataka nini tu, na kompyuta yenyewe itafute njia ya kukipata. Mpango huo wote aliujenga juu ya hisabati.

Waajiri wake hawakushangilia. IBM ilikuwa inauza mfumo wa matawi na unaiingizia fedha. Codd hakunyamaza, na mwaka 1974 alishiriki mdahalo maarufu huko Michigan dhidi ya Charles Bachman, bingwa wa mifumo ya zamani. Wakati huo vijana wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walikuwa wakibuni lugha ya kuyauliza majedwali, ambayo leo inaitwa SQL. Kampuni changa iliyokuja kujulikana kama Oracle ilisoma maandiko hayo, ikaanza kuuza programu yake mwaka 1979, kabla ya IBM yenyewe. Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing, ambayo kwa watu wa kompyuta ndiyo heshima ya juu kabisa.

Sifuri si pengo

Daftari lolote lina nafasi zisizojazwa, na hapa ndipo alipokutana na mzee wangu bila kumjua. Walikuwapo watengenezaji wa programu waliozijaza nafasi hizo kwa hila: sifuri mahali pa kiasi kisichojulikana, tisa nyingi mahali pa namba iliyokosekana, Januari 1 mahali pa tarehe. Codd alipinga. Katika makala aliyochapisha mwaka 1979 alilichambua jambo hili kwa kina, na mwaka 1985, alipotoa kanuni zake maarufu za kupima kama kanzidata inastahili jina hilo, aliliweka katika kanuni ya tatu. Alitaka mfumo uwe na alama maalumu ya kuonyesha kwamba taarifa haipo, alama ambayo si sifuri wala si maandishi matupu, na itumike kwa namna moja kila mahali. Alama hiyo inaitwa nuli.

Chukua mfano wa biashara. Akina mama watatu wanavusha mahindi. Wa kwanza ameleta magunia 10, wa pili 20, wa tatu daftari halikuandikwa. Ukiweka nuli kwa yule wa tatu, kompyuta itakupa wastani wa magunia 15, kwa kuwa inawahesabu wawili wanaojulikana. Ukiweka sifuri, wastani unashuka hadi 10, na aliyesahauliwa na karani anaonekana mvivu. Vivyo hivyo kwenye deni: sifuri maana yake amelipa, nafasi tupu maana yake hatujui kama amelipa. Mfanyabiashara anayechanganya mambo haya mawili hawezi kudumu sokoni.

Alama hiyo ina tabia zake. Ukijumlisha bei ya mzigo na gharama ya usafiri isiyojulikana, jumla nayo haijulikani. Ukiilinganisha nafasi tupu na nafasi tupu nyingine, kompyuta haisemi kwamba zinafanana. Mwanzoni jambo hili lilinishangaza, lakini lina haki ndani yake. Watu wawili wasiojua siku waliyozaliwa si kwamba wamezaliwa siku moja. Makarani wa Januari 1 ndio waliotugeuza pacha, na katika ofisi za wakimbizi na wahamiaji sehemu nyingi duniani wamejaa watu wenye siku hiyo moja ya kuzaliwa.

Kosa langu

Sasa nieleze kosa langu. Umoja mmoja wa wafanyabiashara wadogo hapa mjini uliniomba nitoe orodha ya wanachama waliorudi kutoka ukimbizini, ili wapewe mtaji mdogo wa kuanzia. Wale wenye asili ya Rumonge walikuwa wameshapata fungu lao mahali pengine. Nikaiagiza kompyuta iniletee wote ambao komine yao ya asili si Rumonge. Orodha ikatoka safi, nikaichapisha, fedha zikagawiwa siku hiyohiyo.

Kesho yake alikuja mama mmoja muuza ndagala. Jina lake halikuwemo. Nikamwambia, kwa kujiamini, kwamba basi atakuwa katika orodha ya Rumonge. Tukaitazama. Humo pia hakuwemo. Nilipofungua jedwali lenyewe nilimwona: jina lipo, namba ya uanachama ipo, komine ya asili pako tupu. Alivushwa mwaka 1972 akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wakafia ukimbizini kabla hajawa mtu wa kuuliza, na hakuna aliyebaki wa kumweleza kilima cha kwao.

Kompyuta haikukosea. Mahali ambapo sisi tunajua majibu mawili, ndiyo na hapana, nuli inaleta jibu la tatu: sijui. Kompyuta ilipoulizwa kama komine ya mama huyu ni Rumonge, jibu lilikuwa sijui. Ilipoulizwa kama si Rumonge, jibu likawa hilohilo. Nami niliagiza iniletee wale tu ambao jibu lao ni ndiyo. Kwa hiyo mama huyu hakuwa wa Rumonge wala hakuwa wa kwingine. Alikosa mtaji hadi awamu iliyofuata, na si yeye peke yake. Wote walioachwa walikuwa wa namna yake: yatima, wazee, watu wasio na wa kuwashuhudia. Nafasi tupu kwenye jedwali haziwaangukii watu ovyo. Huwaangukia wale ambao maisha yameshawapunguzia mengi, na ndio hao wanaohitaji msaada zaidi.

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta katikati ya mji ndiye aliyenionyesha dawa, na kwake nililisikia jina la Codd kwa mara ya kwanza. Dawa yenyewe ni fupi. Usiulize tu wasio wa Rumonge, uliza wasio wa Rumonge pamoja na wale ambao komine yao haijaandikwa. Lugha ya SQL ina namna yake maalumu ya kuuliza kama mahali pako tupu, kwa kuwa ukitumia alama ya kawaida ya usawa hupati kitu. Alinionya pia kuhusu mtego mwingine. Ukiomba watu ambao hawamo katika orodha fulani, na ndani ya orodha hiyo kuna nafasi tupu hata moja, unaweza usipate mtu yeyote. Vilevile kuhesabu mistari yote ni tofauti na kuhesabu safu moja, kwani safu huruka nafasi zilizo tupu. Na programu hazifanani: Oracle huyahesabu maandishi matupu kuwa nuli, ilhali nyingine huyatofautisha.

Pengo lenye aina mbili

Mwaka 1984 Codd aliondoka IBM baada ya kuumia vibaya kwa kuanguka, akaendelea na kazi ya ushauri na uandishi. Badala ya kupumzika, alirudi kwenye nafasi tupu. Aliona kwamba alama moja haitoshi, kwa sababu kuna mapengo ya aina mbili. Lipo pengo la kitu ambacho kipo ila hatukijui, na lipo pengo la kitu ambacho hakimhusu mtu huyo kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitaka kila aina iwe na alama yake.

Sisi Warundi tuna mfano ulio hai kabisa. Siku ya kuzaliwa ya mzee wangu ilikuwepo. Alizaliwa siku fulani, ila hakuna aliyeiandika. Hilo ni pengo la kwanza. Lakini fomu hiyohiyo ilikuwa na nafasi ya jina la ukoo, na kwa desturi yetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti. Watanzania huandika jina lao, la baba na la babu. Wengi wetu tuliokulia huko tukaiga ili fomu zijae, na tuliporudi karangamuntu zikatukataa. Jina la ukoo kwa Mrundi wa namna hiyo halijapotea, halikuwepo tangu mwanzo. Hilo ni pengo la pili. Karani anayesubiri siku moja lije kujazwa atasubiri hadi kiama.

Ni haki kusema kwamba si wote waliokubaliana naye. Chris Date, rafiki na mshirika wake wa miaka mingi, aliipinga nuli waziwazi, akiona kwamba majibu ya aina tatu yanawachanganya watu na kuzaa makosa. Kwake ilikuwa afadhali kuyapanga majedwali upya ili nafasi tupu zisiwepo kabisa. Kwa mfano, wenye komine inayojulikana wawe na jedwali lao la komine, na asiyejulikana asiwe na mstari humo. Watengenezaji wa programu nao hawakuzifuata alama mbili za Codd, na lugha ya SQL imebaki na moja hadi leo. Baada ya yaliyomkuta yule mama, naielewa hoja ya Date. Lakini pande zote mbili zilikubaliana katika jambo moja: kisichojulikana kisiandikwe kana kwamba kinajulikana.

Tunachojifunza

Tangu mwaka 2002 hadi mwisho wa mwongo ule, Warundi zaidi ya nusu milioni walirejea nchini, na wengine wamerejea tangu mwaka 2017 kufuatia waliokimbia mgogoro wa 2015. Kila mmoja alipita mbele ya fomu. Kwa vijana wetu wanaojifunza kompyuta, ushauri wangu ni huu: mnapotengeneza jedwali, amueni mapema ni safu gani haziruhusiwi kuachwa tupu na zipi zinaruhusiwa. Tarehe ya kuzaliwa iwe na nafasi ya kuandika mwaka peke yake. Pawe na safu ya kueleza kwa nini taarifa haipo: haijulikani, haihusiki, au haijaulizwa. Na kabla ya kuchapisha orodha yoyote ya kugawa fedha, hesabuni waliomo, hesabuni waliotolewa, mjumlishe, muone kama mnafikia idadi ya wote. Ningefanya hesabu hiyo ya dakika moja, yule mama asingekosa.

Kwa wewe unayeandikwa, karani akikuuliza usilolijua, usione haya kusema hujui, na umwombe aandike hivyo. Akikwambia kompyuta haikubali bila tarehe, muulize ameweka tarehe gani, uiandike kwenye karatasi yako na uitaje hiyohiyo kila ofisi utakayokwenda. Kwenye mpaka ni vivyo hivyo: kama mzigo haujapimwa, usikubali uandikwe sifuri, kwani sifuri ni jawabu, na siku moja utaulizwa juu yake.

Faili ya mzee wangu ilikaa miaka. Mwishowe majirani wanne wa kilima chetu walikuja kushuhudia kwamba mwenye Januari na mwenye Julai ni mtu mmoja, yule waliyecheza naye utotoni. Ilihitaji vikongwe wanne kusafiri kwa miguu ili kufuta kile ambacho makarani wawili walikijaza kwa dakika moja kila mmoja. Shamba lilirudi nusu. Mzee alilima misimu miwili, kisha akatutoka. Ndugu waliponiuliza tuandike tarehe gani ya kuzaliwa kwenye msalaba wake, niliwaambia waandike mwaka tu, na kwenye siku na mwezi wasiandike kitu.